Fimbo ya gofu ya urefu gani inakufaa? Jipime mwenyewe hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila wiki. "Nina sentimita 188, niongeze inchi ngapi?" "Mi mfupi, nikate?" "Nimeachiwa seti ya mjomba, itanifaa au nipoteze hela ninunue nyingine?" Nimeamua niyaweke yote sehemu moja maana kumjibu mtu mmoja mmoja kunachosha, na mbaya zaidi watu wanapeana majibu ya kukisia, mtu hajakuona hata umesimama vipi tayari ameshakwambia ongeza inchi moja.

Jibu la haraka kwa wenye haraka: urefu wako peke yake hauamui kitu. Kinachoanza ni umbali kutoka kifundo cha mkono mpaka chini, alafu kinachomaliza ubishi ni alama ya mpira kwenye uso wa fimbo (ule upande wa kichwa unaogonga mpira). Watu wawili wanaweza kulingana vichwa kabisa, mmoja mikono yake inakaribia magoti na mwingine mikono mifupi, we ukiwapa fimbo ya urefu mmoja lazima mmoja ateseke. Mtu mrefu mwenye mikono mirefu mara nyingi anaangukia kwenye standadi ile ile ya dukani na hataki kuamini.

Na hilo neno standadi lisikutishe, hamna sheria inayosema ayani namba 7 (ayani ni zile fimbo za kichwa cha chuma zenye namba) iwe na urefu fulani. Kila kampuni ina ya kwake. Kwa wanaume ayani 7 ya shafti (ule mti wa fimbo) ya chuma huwa inacheza kwenye inchi 37 hivi, ya wanawake inchi 36 hivi, na zikiwa na shafti ya grafaiti mara nyingi wanazifanya ndefu kidogo. Kutoka ayani moja kwenda nyingine ni nusu inchi, yaani 6 ni ndefu kuliko 7 kwa nusu inchi, 8 ni fupi kwa nusu inchi. Shika hiyo, tutaitumia huko mbele.

Andaa hivi kwanza

- Futi ya fundi (ya chuma, ile inayojikunja). Futi ya cherehani inapinda, achana nayo.
- Mtu wa kukusaidia. Sio hiari, nitaeleza kwa nini.
- Viatu unavyochezea, au raba zenye soli ya unene huo huo.
- Ayani 7 yoyote, hata ya kuazima.
- Maka ya ubao mweupe, ile inayofutika. Ile ya kudumu itakuganda kwenye fimbo ya watu.
- Tepu ya karatasi (ile ya wapaka rangi) na kalamu.
- Mipira kumi na tano hivi na sehemu ya kupigia.
- Simu ya kujirekodi.

Hatua ya 1: pima kutoka kifundo cha mkono mpaka chini

Vaa viatu, simama kwenye sakafu ngumu iliyo sawa (zulia nene hapana), miguu pamoja kidogo, mikono ining'inie pembeni. Mwenzako aweke futi kwenye ule mstari wa mkunjo pale kiganja kinapoanzia, ateremshe wima mpaka chini, asome. Pima mikono yote miwili, wengi wanatofautiana kidogo, chukua wastani.

Sasa kosa ambalo karibu kila mtu analifanya: anajipima mwenyewe. Ukiinama kusoma futi bega linashuka, mkono unashuka nao, na unapata namba ndogo kuliko ya kweli, kwa hiyo jedwali linakwambia kata wakati hukutakiwa kugusa chochote. Kosa la pili ni kukaza mwili kama askari kwenye gwaride, mabega yamepanda juu, hapo namba inakuwa kubwa. Pumua nje, legeza mabega, angalia mbele, mwache mwenzako afanye kazi. Pima mara tatu, zikipishana sana rudia.

Hatua ya 2: linganisha namba yako

Kila kampuni ina jedwali lake na hayafanani, kwa hiyo hii ichukue kama pa kuanzia tu:

- Chini ya inchi 29 (sm 74): fimbo za kutengenezewa, au za vijana. Usikisie, nenda kwa fundi.
- Inchi 29 hadi 32 (sm 74 hadi 81): punguza nusu inchi mpaka inchi moja
- Inchi 32 hadi 34 (sm 81 hadi 86): punguza robo mpaka nusu inchi
- Inchi 34 hadi 37 (sm 86 hadi 94): standadi, usiguse kitu
- Inchi 37 hadi 39 (sm 94 hadi 99): ongeza robo mpaka nusu inchi
- Inchi 39 hadi 41 (sm 99 hadi 104): ongeza nusu mpaka inchi moja
- Zaidi ya inchi 41 (sm 104): inchi moja au zaidi, na hapo fundi wa fimbo anakuhusu

Hii ni ya kupimia kwenye standadi ya wanaume. Mwanamke mwenye inchi 35 kifundo mpaka chini ajue kwamba seti nyingi za wanawake zimeshapunguzwa inchi nzima tayari, kwa hiyo anaweza kuwa anachezea fimbo fupi bila kujua. Hili linasahaulika sana, mdada mrefu ananunua seti kwa sababu imeandikwa ya wanawake alafu mgongo unamuuma mwaka mzima anadhani ni mazoezi.

Ukiangukia mpakani, chagua fupi. Fimbo fupi inakutii, na kuiongeza baadaye ni rahisi.

Hatua ya 3: pima fimbo uliyonayo

Weka fimbo chini kama unataka kupiga, soli imekaa sawa sakafuni. Futi ianzie sakafuni pale kwenye kisigino cha kichwa (upande ulio karibu na shafti), ipande nyuma ya shafti mpaka mwisho wa mshiko, pale kwenye ukingo wa kile kifuniko. Usiilaze fimbo mezani ukapima kutoka ncha mpaka ncha, utapata namba nyingine kabisa.

Pima zote kama ni seti ya mtumba. Zote, sio moja. Unakuta mwenyewe wa kwanza alikata 5, 6 na 7 akachoka akaacha zingine, au 9 ilivunjika ikawekwa shafti ya fimbo nyingine. Ziandike kwenye karatasi, kama hazishuki kwa nusu inchi hivi kutoka namba moja kwenda nyingine ushapata tatizo kabla hata hujapiga mpira.

Hatua ya 4: simama na ujirekodi

Weka simu upande wa nyuma yako, kwenye mstari wa unakopiga, urefu wa kiuno. Simama na ayani 7 kama kawaida yako. Usijirekebishe kwa ajili ya kamera tafadhali.

Angalia mikono: inatakiwa ining'inie karibu wima kutoka mabegani. Kama unainyoosha mbele kufuata mpira, au unainua mikono juu kama mtu anayeogopa kushika kitu cha moto, fimbo inaweza kuwa ndefu. Kama umekunja mgongo na mikono imeshuka karibu na magoti, inaweza kuwa fupi. Kati ya mwisho wa mshiko na mapaja iwepo nafasi ya ngumi moja hivi au zaidi kidogo. Na ile ncha ya mbele ya kichwa ikiwa imeinuka kidogo sana kutoka chini ni sawa, sarafu moja au mbili zipite hapo, kwa sababu ukiswingi (ukizungusha fimbo kupiga) shafti inapinda kidogo na kuishusha.

Usitoe hukumu hapa. Kusimama ni tabia na mwili unajizoesha chochote. Mtu aliyechezea fimbo ndefu miaka kumi atasimama nazo vizuri tu, akija kwenye video anaonekana hana shida.

Hatua ya 5: piga uone alama (hapa ndo penyewe)

Kama una muda wa hatua moja tu kwenye mwongozo huu, fanya hii.

Pasha mwili kwanza, piga mipira kadhaa ya kawaida. Alafu chora doa kubwa kwa maka nyuma ya mpira, upande unaogongwa na fimbo, upige ukiwa umeweka kwenye nyasi au mkeka. Doa litahamia kwenye uso wa fimbo. Piga picha, futa, rudia. Fanya kumi hadi kumi na tano, na usiondoe zile mbaya kwenye hesabu, maana hapo ndo watu wanajidanganya, wanabaki na picha za mipira mizuri mitatu.

Sasa zipange picha uone alama zimejikusanya wapi.

Zimejaa katikati na zimekaribiana: urefu unakufaa, hata kama jedwali lilisema vingine. Alama inashinda jedwali.

Zimekaa upande wa kisigino nyingi: mara nyingi fimbo ndefu, au unasimama karibu mno.

Zimekaa upande wa ncha ya mbele: mara nyingi fupi, au unasimama mbali.

Zimetapakaa kila mahali: hiyo sio shida ya urefu bado. Swingi haijatulia, kapige mazoezi au mtafute kocha, rudi baada ya muda. Ukibadili urefu sasa hivi utakuwa unafukuza kivuli.

Kabla hujalaumu fimbo, sogea kidogo sana mbele au nyuma upige tena. Alama zikirudi katikati bila wewe kujibana, tatizo lilikuwa miguu na umeokoa hela.

Hatua ya 6: ijaribu bila kukata

Kujaribu fupi ni rahisi: shika chini kwa nusu inchi. Funga kipande cha tepu kwenye mshiko kikuoneshe pa kushika, vinginevyo mkono utapanda wenyewe bila kujua. Piga tena mipira kumi, linganisha alama. Kichwa utakisikia chepesi kidogo, ni kawaida.

Kujaribu ndefu: chukua ayani 6. Si nilisema ni ndefu kwa nusu inchi? Mpira utaenda mbali zaidi kidogo na chini zaidi, usijali hilo, unaangalia alama tu. Kama 6 inakupa alama za katikati na 7 yako inazitupa kwenye ncha, hapo una sababu ya kufikiria kuongeza. Kama zote mbili zinatoa alama sehemu moja, urefu haukuwa tatizo.

Hatua ya 7: angalia pembe ya kulala

Ukibadili urefu, pembe ya shafti na ardhi inabadilika nayo. Nusu inchi ya kuongeza inaifanya fimbo iwe kama imesimama zaidi kwa digrii moja hivi. Ncha ya mbele ikiinuka wakati wa kupiga, anayecheza kulia mpira utamwendea kushoto, ikishuka utaenda kulia. Watu wanaongeza inchi moja alafu wanashangaa mbona kila kitu kinaenda kushoto.

Kipimo chake: badala ya doa, chora mstari mnene wima nyuma ya mpira, uweke wima kabisa, piga. Mstari utahamia kwenye uso. Ukiwa wima kwa ile mifereji ya usoni, uko sawa. Juu yake ikiegemea ncha ya mbele, fimbo imesimama sana. Ikiegemea kisigino, imelala sana. Ayani nyingi zinaweza kupindwa digrii moja au mbili na fundi mwenye mashine yake. Usijaribu kwenye jiwe la nyumbani, na zile za chuma cha kumimina usipinde bila kumuuliza fundi, nyingine zinavunjika.

Draiva na pata ni habari nyingine

Draiva (fimbo ndefu ya kupigia mbali) za dukani za wanaume siku hizi zinakuja na inchi 45 na kitu, wengine karibu 46, kwa sababu ndefu inauza, inaahidi mita. Wachezaji wengi wa kulipwa wanatumia fupi kidogo kuliko hizo. Kweli Phil Mickelson, mchezaji wa kulipwa, alishinda shindano kubwa la PGA Championship 2021 akiwa na miaka 50 na draiva ya inchi 47.9, lakini yule ni yule. Sheria inaruhusu mpaka inchi 48 (pata, ile ya kusukumia mpira kwenye grini, yaani nyasi fupi zenye shimo, haimo kwenye kikomo hicho), na tangu 2022 mashindano makubwa yanaweza kuweka kikomo cha 46. Kwa anayeanza, mi nasema shika draiva yako inchi moja chini upige kumi na maka ile ile. Wengi wanakuta mpira unaenda mbali sawa au zaidi, sababu unagongwa katikati, na muhimu zaidi unaupata.

Pata isahau kabisa hesabu ya kifundo. Inama mpaka ujisikie vizuri, mikono ining'inie, macho yawe juu ya mpira au ndani kidogo ya mstari wake, alafu pima kutoka mikono ilipo. Nyingi ni inchi 33 hadi 35. Ikiwa ndefu utaona kiwiko kimekunjika kimegusa mbavu, au mpira umeenda mbali na macho. Kutoshikilia mwisho wa pata kwenye tumbo au kifua ni sheria tangu 2016, kwa hiyo usiongeze kwa sababu hiyo.

Watoto: usimkatie mtoto fimbo ya mtu mzima. Ukikata, shafti inakuwa ngumu kama nondo na kichwa bado kizito, mtoto anajifunza kuvuta badala ya kuswingi. Mnunulie nyepesi za kwao, zizidi kidogo ashike chini, basi. Atakua.

Hatua ya 8: kukata au kuongeza

Ukishathibitisha, na sio kabla:

1. Anza na fimbo moja, ayani 7. Cheza nayo raundi kadhaa ndo uguse zingine.
2. Kata upande wa mshiko, kamwe sio upande wa kichwa. Ukikata chini unabadili ugumu wa shafti.
3. Mshiko unatoka kwanza, ukikatwa na wembe jua huo umekufa, uwe na mpya.
4. Shafti ya chuma inakatwa na kikatio cha bomba. Grafaiti hapana, kitaiponda, tumia msumeno wa meno madogo, zungushia tepu pale unapokata, na vaa barakoa maana lile vumbi sio la kuvuta.
5. Kuongeza ni kwa kipachiko kinachoingia ndani ya shafti na gundi ya epoksi. Kiwe cha chuma kwa shafti ya chuma na cha grafaiti kwa grafaiti, saizi ya tundu iwe sawa, iachwe ikauke kama gundi inavyosema. Zaidi ya inchi moja sipendi, hapo bora shafti mpya.
6. Kabla ya kukata pima tena. Na kumbuka mshiko wenyewe unaongeza kidogo kwa juu kwa kile kifuniko.

Nusu inchi inabadili uzito wa swingi (ile D0, D2 unayoiona imeandikwa) kwa pointi tatu hivi. Ukikata kichwa kinasikika chepesi, ukiongeza kinasikika kizito. Kama umekata na sasa husikii kichwa kiko wapi, tepu ya risasi (ile metali nzito) nyuma ya kichwa inarudisha, gramu 2 hivi ni pointi moja.

Ikigoma

*Jedwali linasema ongeza, alama zinasema katikati.* Usiongeze.

*Ayani 7 iko sawa lakini wedji (zile fimbo fupi za kupigia karibu) zinanisumbua.* Pima wedji peke yake. Nyingi zinanunuliwa moja moja, hazifuati mpangilio wa seti yako.

*Nilikata, sasa mipira inaenda kulia yote.* Rudi hatua ya 7, fimbo imelala. Fundi aisimamishe digrii moja, usianze kugeuza mshiko.

*Mgongo unauma baada ya mashimo machache.* Angalia video. Kama umekunjika sana na alama ziko kwenye ncha, fimbo fupi. Kama umesimama vizuri na bado unauma, hiyo sio kazi ya fimbo, kamwone daktari.

*Kipachiko kinapiga kelele ndani.* Gundi imeachia. Acha kupiga nayo leo leo, mshiko na kipachiko vinaweza kuchomoka mkononi na fimbo ikaruka kwa aliye mbele yako.

*Vipi nifanye zote urefu mmoja kama Bryson DeChambeau?* Inawezekana, huyo mchezaji wa kulipwa ayani zake zote zilikuwa sawa aliposhinda shindano la U.S. Open 2020 na 2024. Ila vichwa vyake vilitengenezwa vilingane uzito. Ukichukua seti ya kawaida ukaikata yote iwe sawa na 7, ayani ndefu zitakuwa nyepesi ajabu na huwezi hata kurefusha zile fupi bila kuzifanya ziwe nzito kama nyundo. Kama unaitaka, nunua seti iliyotengenezwa hivyo.